Alidhani ni Majambazi

Aprili 19, 2005, maofisa wa Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya (KWS) waliingia ranchi ya Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita katika Bonde la Ufa, wakiwa wamevaa kiraia. Walikuwa wakifuatilia fununu kwamba humo ndani wanyama pori wanachinjwa na nyama yao inauzwa kinyume cha sheria. Wakawashika wafanyakazi. Habari zikamfikia mtoto wa mwenye ranchi kwamba kuna watu wenye silaha wamevamia. Akafika naye akiwa na yake. Muda si mrefu ofisa mmoja, Samson ole Sisina, alikuwa amepigwa risasi na kufa.

Aliyefyatua, Thomas Cholmondeley (wenyewe hulitamka jina hilo "Chamli"), hakukana kwamba ni yeye. Alisema alidhani ni majambazi, akajihami.

Kuanzia siku hiyo mpaka alipofariki Agosti 2016, akiwa na miaka 48, Kenya nzima ilikuwa na lake la kusema kuhusu kilichokuwa moyoni mwake. Wako waliosema ni hofu ya kweli: Bonde la Ufa la miaka ile lilikuwa na ujambazi wa kutisha, na mtu akiona wageni wenye bunduki nyumbani kwake haanzi kuwaomba vitambulisho. Wako waliosema ni hasira ya mtu aliyekamatwa akifanya biashara asiyotaka ijulikane. Na wako wengi, wengi sana, waliosema ni damu ya ukoo wake tu, damu ya watu waliozoea kuiona ardhi ile na kila kilichomo, binadamu pamoja, kuwa mali yao.

Hilo la mwisho halikuzuka hewani. Cholmondeley alikuwa kitukuu wa Lord Delamere wa tatu, kiongozi wa walowezi wa Kizungu aliyehamia Kenya mwanzoni mwa karne iliyopita na kujipatia ardhi isiyo na mfano. Ole Sisina alikuwa Mmaasai. Mwaka 1904 Waingereza waliwasainisha Wamaasai mkataba wa kuwaondoa Bonde la Ufa ili walowezi wapate malisho. Mwaka 1911 wakawasainisha wa pili, wakawahamisha tena kutoka Laikipia kwenda kusini. Kwa hiyo mzee wa Kimaasai wa Narok aliposikia kwamba Mmaasai ameuawa Soysambu na mtu wa ukoo wa Delamere, hakuhitaji maelezo ya polisi. Alikuwa na maelezo yake yenye umri wa miaka mia moja. Mimi siwezi kumcheka mzee huyo. Ningekuwa yeye ningewaza hivyohivyo.

Tatizo lilikuja mwezi uliofuata. Mei 2005, Mwanasheria Mkuu wa Kenya wa wakati huo, Amos Wako, aliiondoa kesi ya mauaji mahakamani kwa mamlaka aliyokuwa nayo kisheria. Cholmondeley akatoka. Wamaasai wakaandamana, wengine wakatishia kuyavamia mashamba ya walowezi. Lakini zaidi ya hasira za barabarani, kuna kitu kilipotea siku hiyo ambacho hakikupatikana tena: nafasi ya kuwaweka mashahidi mbele ya jaji, mmoja baada ya mwingine, waulizwe nani alisimama wapi, nani alitangulia kuinua silaha, maofisa walijitambulisha au hawakujitambulisha, na kama walijitambulisha, sauti ilimfikia mwenye bunduki au haikumfikia. Hayo ni maswali yenye majibu. Yakafungiwa kabatini, na Kenya ikabaki na swali moja lisilo na jibu: moyoni mwake alikuwa na nini?

Naandika haya nikiwa Ikungi, mkoani Singida, mbali na Elmenteita na mbali zaidi na mabwana wa Kiingereza. Lakini mambo ya mtu kuua na kusema nilijihami si mageni huku. Wilaya hii ni ya wafugaji na wakulima wa alizeti, mtama na uwele, na mwizi wa mifugo anajulikana kuwa ni mtu anayekuja usiku na silaha mkononi. Bunduki za kisasa ni chache. Huku kuna gobore, mishale na mapanga.

Chukua mfano ambao mkazi yeyote wa vijiji vyetu ataukubali kuwa unawezekana. Saa nane usiku mbwa wanabweka bila kunyamaza. Ng'ombe wanasukumana zizini. Mwenye mji anatoka na tochi ya simu, na gobore aliyokwisha kuishindilia tangu jioni, kwa sababu gobore haishindiliwi gizani mtu akiwa na haraka: lazima umimine baruti mdomoni mwa mtutu, usukume kitambaa kwa mti, uweke gololi, usukume tena. Ana mlio mmoja tu. Akikosa, hana wa pili. Anaona kivuli karibu na lango la zizi, anaita, hajibiwi, anafyatua. Asubuhi inaonekana kwamba aliyekufa ni kijana wa kitongoji cha jirani.

Mpaka jua lichomoze kijiji kinakuwa kimeshahukumu. Huyu atasema walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba. Yule atasema kijana alikuwa akimfuata binti wa mwenye mji. Wa tatu atainamisha kichwa na kutaja deni, wa nne ataleta habari za uchawi. Na wengine watasema kwa uhakika uleule kwamba marehemu alikuwa mwizi siku nyingi. Kila mmoja ameingia moyoni mwa mtu na kutoka na anachokitaka.

Wakati huohuo vitu vinavyoweza kusema ukweli vinaharibika pale chini. Watu wanakanyaga nyayo. Ng'ombe wanatolewa kwenda machungani kupitia lango lilelile ambalo polisi walipaswa kulikuta lilivyokuwa. Kamba iliyofunga lango, ilikatwa au ilifunguliwa? Kutoka mlangoni kwa nyumba hadi pale damu ilipo ni hatua ngapi? Gololi ziliingilia kifuani au mgongoni? Marehemu alikuwa na panga, fimbo, au mikono mitupu? Mwenye mji alipiga yowe kabla ya kufyatua, baada ya kufyatua, au hakupiga kabisa? Jirani aliyesikia mlio alisikia na sauti ya mtu akiita? Askari akifika saa tano asubuhi na kuchora mchoro wa eneo la tukio, anachora kile kilichobaki.

Nasisitiza hayo kwa sababu ndiyo yanayotazamwa na sheria yetu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujihami, kumhami mwenzake na kuhami mali. Lakini nguvu itumike kwa kiasi kinachohitajika tu, na mtu akiua kwa kutumia nguvu iliyopita kiasi katika kujihami, anahesabiwa kuwa ameua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Ikiwa ni mauaji ya kukusudia, adhabu ni kunyongwa. Sheria hiyohiyo inamsikiliza aliyekosea: kama aliamini jambo ambalo halikuwa kweli, lakini aliliamini kwa dhati na mtu mwenye busara angeweza kuliamini katika hali ile, anapimwa kwa lile aliloliamini. Na kuhusu kilichomsukuma mtu kutenda, iwe wivu, chuki, tamaa au huruma, sheria inasema hakihusiki katika kuamua kama ana hatia, isipokuwa pale sheria yenyewe ilipotamka vinginevyo.

Wengi hushangaa wakisikia hilo, na nimeona watu wenye elimu yao wakilikataa kabisa. Lakini fikiri. Mtu anaweza kuwa anamchukia jirani yake kwa miaka ishirini, na usiku mmoja jirani huyo akamjia na panga kweli. Chuki yake haimwondolei haki ya kujilinda. Na mtu mwingine anaweza kuwa hana neno lolote na marehemu, hata hamjui, akampiga risasi ya mgongo akiwa anakimbia. Ukosefu wa chuki haumsafishi.

Sisemi kwamba ugomvi wa shamba usitajwe. Utajwe. Pale ambapo hakuna aliyeona, ugomvi wa zamani unaweza kuuongezea uzito ushahidi wa mazingira. Ila utajwe na mtu aliyekula kiapo, anayejulikana kwa jina, ambaye wakili wa upande wa pili anaweza kumsimamisha na kumuuliza: wewe ulikuwepo? Uliwaona wakigombana lini? Una deni gani na mshtakiwa?

Turudi Soysambu, kwa sababu mambo hayakuishia kwa ole Sisina. Mei 10, 2006, mwaka mmoja tu baada ya kuachiwa, Cholmondeley alikuwa akitembea ndani ya ranchi na rafiki yake wakakutana na kikundi cha wawindaji haramu wenye mbwa, waliokuwa wamebeba swala. Risasi zikapigwa. Wawindaji wengine wakakimbia, mwenzao Robert Njoya, fundi wa mawe kutoka kijiji jirani, baba wa watoto, akaanguka na jeraha la nyonga. Alikufa akipelekwa hospitali.

Safari hii Mwanasheria Mkuu hakuthubutu. Kesi ilianza Septemba 2006 mbele ya Jaji Muga Apondi katika Mahakama Kuu Nairobi, na mshtakiwa akakaa mahabusu Kamiti karibu miaka mitatu. Alijitetea kwamba aliwalenga mbwa, si mtu. Baadaye upande wake ukadai kuwa risasi iliyomuua Njoya ilitoka kwa rafiki aliyekuwa naye, jambo ambalo rafiki huyo alilikana na mahakama haikulikubali.

Hapo ndipo inapoonekana gharama ya faili lililofungwa mwaka 2005. Kisheria kesi ya Njoya ilikuwa ni ya Njoya peke yake. Jaji hakuruhusiwa kumhukumu mtu kwa sababu ya kesi nyingine iliyoondolewa. Lakini nje ya mahakama hakuna aliyeizungumzia kesi ya Njoya peke yake. Kila mtu alisema: huyu ndiye aliyemuua Mmaasai mwaka jana akaachiwa. Watu walikuwa wakidai kwa Njoya haki ambayo ole Sisina alinyimwa, na ndugu wa Cholmondeley nao waliona kijana wao anahukumiwa kwa rangi na jina. Pande zote mbili zilikuwa zinabeba mzigo ambao haukuwa wa kesi ile.

Mei 7, 2009, Jaji Apondi alimkuta na hatia ya kuua bila kukusudia. Aliangalia matendo: mtu huyu baada ya kufyatua hakukimbia, alimhudumia majeruhi na kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Mtu mwenye dhamira ya kuua, kwa hoja hiyo, hafanyi hivyo. Adhabu ikawa miezi minane zaidi ya muda aliokwisha kukaa ndani, na Oktoba 2009 akatoka. Wakenya wengi walipiga kelele, na miezi minane kwa uhai wa baba wa watoto inaniuma hata mimi. Lakini njia aliyopita jaji ndiyo iliyo sahihi: hakujifanya anausoma moyo. Aliuliza mkono ulifanya nini kabla ya risasi, na ulifanya nini baada yake. Unaweza kubishana na uzito alioupa kila kitu, na unaweza kubishana naye kwa sababu alivitaja hadharani na vikaandikwa. Kwa ole Sisina hakuna cha kubishana nacho.

Afrika Kusini walilifikisha swali hili mbali zaidi. Februari 14, 2013, Oscar Pistorius, mkimbiaji wa miguu ya bandia, alipiga risasi nne kupitia mlango wa choo nyumbani kwake Pretoria, zikamuua mpenzi wake Reeva Steenkamp. Akasema alidhani ni mwizi. Dunia nzima ikaanza kuchimba mapenzi yao: waligombana? Alikuwa na wivu? Ujumbe wa simu ukasomwa mahakamani, watu wakalia, wakasimangana.

Kilichobaki kichwani mwangu katika kesi ile ni ule mlango. Waliuleta mahakamani wenyewe, mlango wa mbao wenye matundu ya risasi, wakausimamisha, na mtaalamu wa polisi akapiga magoti mbele yake akiwa na gongo la kriketi kuonyesha mtu asiyevaa miguu ya bandia angeupiga kwa kimo gani. Unaweza kuona ni kazi ya kuchosha, ya sentimita na pembe. Lakini mlango hauna chuki na mtu, hauna undugu na mtu.

Jaji Thokozile Masipa mwaka 2014 alimkuta na hatia ya kuua bila kukusudia, akampa miaka mitano. Desemba 2015 Mahakama Kuu ya Rufaa ikaibadilisha kuwa mauaji ya kukusudia, na hatimaye mwaka 2017 adhabu ikapandishwa hadi miaka 13 na miezi mitano. Na hoja ya rufaa ilikuwa nyepesi kuielewa kuliko maneno yote yaliyosemwa kuhusu mapenzi. Mahakama ilisema haijalishi alidhani nyuma ya mlango yuko nani. Alijua yuko mtu. Chumba kilikuwa kidogo, hakuna pa kujificha, na alifyatua mara nne. Aliona kwamba mtu huyo anaweza kufa, akaendelea. Hakuna aliyethibitisha wivu, na mauaji yalithibitishwa.

Hapa kwetu Tanzania tunayo kesi ambayo ingeweza kutufundisha hayo, ikakatika njiani. Novemba 4, 2006, jijini Dar es Salaam, dereva wa daladala Hassan Mbonde aliuawa kwa risasi barabarani, na aliyeshtakiwa ni Mkuu wa Mkoa wa Tabora wa wakati huo, Ukiwaona Ditopile Mzuzuri. Nchi nzima iliizungumza. Mwanzoni lilikuwa shtaka la mauaji. Mwaka 2007 likabadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia na mshtakiwa akapata dhamana. Aprili 2008 Ditopile akafariki dunia, na kesi ya marehemu haiendelei. Wenye umri wa kuikumbuka bado wanabishana kama silaha ilifyatuka, kama ilikuwa hasira za barabarani, kama alijiona hatarini. Hukumu haikutoka, na hakuna tena namna itakavyotoka.

Singida tuna sababu ya ziada ya kuogopa mambo haya ya kukisia. Kati ya mwaka 1946 na 1948, watu wengi waliuawa katika nchi ya Wanyaturu na miili ikakutwa na majeraha kama ya makucha. Simba wakalaumiwa, kisha wakalaumiwa watu: watu-simba, vijana waliosemekana kutumwa kuua. Serikali ya kikoloni ikaleta polisi na kukamata watu, na maofisa wake wakajaza karatasi kwa nadharia za kwa nini: kulipiza kisasi, ushirikina, biashara ya kukodisha wauaji. A. W. Wyatt aliyaandika mambo hayo mwaka 1950, na mwaka 1962 mwanaanthropolojia Mmarekani Harold Schneider, aliyeishi na Wanyaturu kwa utafiti, akaona haja ya kuyatazama upya yote. Babu zetu walisukwasukwa kati ya dhana za wazungu na dhana za majirani zao. Jina la mkoa huu bado linabeba hadithi ile, na watu wa mbali huitaja wakicheka.

Kisha likaja la Septemba 7, 2017.

Tundu Lissu alizaliwa katika kijiji cha Mahambe, hapahapa Ikungi, na wakati huo alikuwa mbunge wa Singida Mashariki. Alikuwa ametoka kwenye kikao cha Bunge Dodoma, akafika nyumbani, na kabla hajashuka kwenye gari akamiminiwa risasi. Risasi 16 zilimpata mwilini. Usiku uleule akapelekwa Nairobi, na Januari 2018 Ubelgiji. Hili halihusu kujihami. Hakuna aliyejitokeza kusema alikuwa akijihami, na hakuna aliyejitokeza kabisa. Lakini kwa watu wa huku linahusiana na la Soysambu kwa undugu wa karibu, kwani hapa hata mkono haukupatikana, achilia mbali moyo. Polisi walisema uchunguzi unamhitaji dereva wake, ambaye naye alikuwa nje ya nchi. Lissu alirudi Julai 2020 kugombea urais, akaondoka, akarudi tena Januari 2023. Mwaka 2025 alipandishwa yeye kizimbani kwa shtaka la uhaini. Waliompiga risasi hawajapandishwa.

Nenda stendi ya Ikungi, mahali mabasi ya Dodoma na Singida yanapopita, kaa na watu kwenye kivuli, utapewa sababu za risasi zile kwa hesabu ya vikombe vya kahawa. Huyu ana hakika ni fulani. Yule ana hakika ni fulani mwingine, na sababu zake zinaelekea upande wa pili kabisa. Ndugu wamekosana kwa jambo hili. Misibani limetajwa, harusini limetajwa. Sitaandika hapa hata dhana moja kati ya hizo, kwa sababu kila moja inamwita mtu muuaji, na hakuna hata moja iliyowahi kuulizwa maswali na wakili. Lakini sitawaambia watu wa Ikungi wanyamaze. Mwana wao alipigwa risasi mchana, Dodoma, mji wa Bunge, na kwa miaka yote hii hakuna mtu aliyepelekwa mbele ya hakimu kwa ajili hiyo. Mtu aliyenyimwa maelezo atajitungia ya kwake, na wa kulaumiwa ni aliyemnyima.

Mwezi Februari 2018 risasi nyingine ilimuua mwanafunzi Akwilina Akwilini ndani ya daladala, Kinondoni, polisi wakiwa wanatawanya maandamano. Jalada likafungwa mwaka huohuo bila mtu kufikishwa kizimbani. Pale nako zilikuwepo hatua za kupimwa, risasi ya kuchunguzwa na askari wa kuhojiwa mbele ya umma mmoja baada ya mwingine. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ilieleza sababu zake kwa waandishi wa habari. Mahakama haikuzisikia.

Kenya walijifunza kwa njia ngumu. Katiba yao ya mwaka 2010 ilimwondolea Mwanasheria Mkuu madaraka ya mashtaka ya jinai na kumpa Mkurugenzi wa Mashtaka, kisha ikaongeza sharti katika Ibara ya 157: Mkurugenzi huyo hawezi kuiondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Hilo lingekuwepo mwaka 2005, ingebidi mtu asimame Nakuru, mbele ya jaji, ndugu wa Samson ole Sisina wakiwa wamekaa nyuma, aseme ni ushahidi gani unaoonyesha kwamba Cholmondeley aliamini kweli amevamiwa na majambazi. Pengine jaji angeridhika. Pengine ushahidi ulikuwepo na ulikuwa mzuri. Basi ungesikika, na Cholmondeley mwenyewe angetoka akiwa na jibu la kuwapa watu, badala ya kuishi na tuhuma mpaka anakufa.

Kwetu, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu Mkurugenzi wa Mashtaka kutamka wakati wowote kabla ya hukumu kwamba Jamhuri haitaki kuendelea, na mshtakiwa anaachiwa papo hapo. Haombi ruhusa ya jaji, na sheria haimlazimishi kumweleza jaji sababu. Katiba yetu, Ibara ya 59B, inamtaka azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Ni masharti mazuri, lakini anayeamua kama yamezingatiwa ni yeye mwenyewe, ofisini kwake.

Wabunge wanaotoka mkoa huu, wa chama chochote, wana sababu kuliko wenzao wote ya kulipeleka jambo hili bungeni: mtu akishauawa au kupigwa risasi, na kesi ikishafunguliwa, isiondolewe mpaka mwendesha mashtaka aeleze sababu mbele ya jaji, mlango ukiwa wazi, na ndugu wa aliyepigwa wapewe nafasi ya kusikilizwa. Na jalada lililokaa mwaka mzima bila mtu kushtakiwa, polisi watakiwe kueleza mbele ya hakimu limefikia wapi, waliohojiwa ni wangapi, na kinachosubiriwa ni nini.